Alamisho ya Sauti ya Mama

Vidole alikuwa msusi. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu vidole vyake vilikwenda mbio kuliko mdomo wake, na mdomo wake nao haukuwa wa mchezo. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na mama yake. Ndani mlikuwa na viti viwili, draya ya kukaushia nywele yenye kelele kama mashine ya kusaga, na vioo vitatu: kimoja mbele, kimoja ubavuni, kimoja nyuma ili mteja aone kisogo chake.

Mezani kulikuwa na tableti. Wateja waliitumia kuchagua mtindo. Kila Vidole alipoona mtindo mzuri mtandaoni, aliuwekea alamisho. Alamisho ni alama unayoweka kwenye ukurasa wa mtandao, ili siku nyingine uufungue kwa kugusa tu, bila kuutafuta upya.

Mwanzoni alipata taabu. Alamisho za simu zilibaki kwenye simu. Za tableti zilibaki kwenye tableti. Mteja mmoja alimwonea huruma. Alikuwa mama mtu mzima aliyefanya kazi maktaba, na wote walimwita Mkutubi.

"Mwenzangu, unahangaika bure," alisema Mkutubi. "Ingia kwa akaunti yako kwenye simu, na akaunti hiyo hiyo kwenye tableti. Kisha washa usawazishaji. Ukiweka alamisho huku, inaonekana na kule."

"Hata nikiwa sokoni?"

"Hata ukiwa chooni!"

Walicheka. Mkutubi akamwashia. Aliendelea kueleza mambo mengine, lakini kichwa chake kilikuwa kimeshaingizwa ndani ya draya, na draya ikanguruma. Vidole aliona midomo tu ikicheza. Akaitikia, "Eeh, eeh," huku akipanga vibanio.

Katika alamisho zake zote, moja haikuwa ya nywele. Mama yake, kabla hajafariki, alihojiwa na redio moja ndogo juu ya kazi ya ususi. Mtangazaji alimtumia Vidole anwani ya ukurasa wenye mahojiano hayo. Ukurasa ule haukuonekana kwa kutafuta. Aliyeweza kuufungua ni mwenye anwani yake peke yake. Vidole aliuwekea alamisho, akaiita Sauti ya Mama, ujumbe wa mtangazaji akaufuta.

Vidole alikuwa na kaka yake mkubwa, dereva wa lori. Siku Mama alipozikwa, kaka alikuwa safarini, nchi mbili mbele. Hakuwahi.

"Kaka, Mama amekutaja kwenye yale mahojiano ya redio," Vidole alimwambia kwa simu.

"Amesema nini?"

"Sikwambii. Utakuja usikie mwenyewe."

"Si unitumie basi."

"Kwenye hiyo simu yako ya vibonye? Acha utani. Njoo tukae, tusikilize wote."

Ndivyo alivyopanga moyoni. Lakini safari za kaka hazikuisha. Leo mpakani, kesho bandarini. Vidole mwenyewe hakuifungua tena ile sauti. Aliogopa kulia mbele ya wateja.

Asubuhi moja, mteja aliyekuwa na haraka alikuwa akipekua tableti. Alisonya.

"Dada, hapa kuna mitindo, au mtu kamwaga takataka?"

Vidole aliona aibu. Kweli orodha ilikuwa ndefu, na mitindo mingine ilishapitwa na wakati. Mteja alipoondoka, alikaa akafuta. Alifuta mitindo ya zamani. Alipofika kwenye Sauti ya Mama, akasita kidogo. Kisha akajiambia, "Ya nini wateja wachungulie mambo ya Mama? Kwenye simu yangu ninayo." Akaifuta nayo. Alijisikia vizuri, kama mtu aliyefagia uwanja.

Wiki hiyo hiyo kaka akapiga simu. "Vidole, kesho napita hapo. Nina muda wa kutosha. Niwekee Mama tayari."

Vidole alifungua simu yake ili ajiandae. Alitafuta juu, akatafuta chini. Sauti ya Mama haikuwepo. Kesho yake, saluni ilipofunguliwa tu, alimpigia Mkutubi.

"Ulifuta wapi?" Mkutubi aliuliza.

"Kwenye tableti tu! Simu sijaigusa, haki ya Mungu."

Mkutubi akasema, "Simama mbele ya vioo vyako. Inua kitana. Kimeinuka kwenye vioo vingapi?"

"Vyote."

"Sasa kishushe."

Vidole alikishusha. Hakuhitaji kuulizwa tena.

"Usawazishaji ni hivyo," Mkutubi alisema taratibu. "Ukiongeza huku, inaongezeka kote. Ukifuta huku, inafutika kote. Ni vioo, mwenzangu. Si sanduku la kuwekea vitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia nikiwa ndani ya draya. Ningetoka nikakwambia tena. Hapo nimekosa mimi." Akavuta pumzi. "Kivinjari, hiyo programu ya kufungulia mtandao, huwa kinakumbuka kurasa ulizofungua siku za karibuni. Uliufungua lini mara ya mwisho?"

"Zamani."

"Basi huko hamna. Una kifaa kingine chenye akaunti hiyo, ambacho hakijawashwa siku nyingi?"

Vidole alikumbuka. "Simu yangu ya zamani! Iko kwenye droo ya vibanio. Laini nilishaitoa."

"Usiiwashe! Nakusihi. Simu hiyo haijui kama umefuta. Ikipata mtandao tu, itajua, nayo itafuta. Nisubiri nikitoka kazini, tuiwashe kwangu. Kwangu haijawahi kushika mtandao."

Vidole aliahidi. Aliitoa ile simu kwenye droo, akaiweka kwenye chaji ili jioni wasipate shida. Hapo hakuwa amekosea.

Mchana honi ya lori ililia nje. Mara mbili. Kaka aliingia akinuka dizeli, akainama ili asigonge kichwa mlangoni. Akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Msusi, ninyoe ndevu halafu uniwekee Mama."

"Ndevu hizo zinahitaji panga. Mama utamsikia jioni, kaka. Tumsubiri Mkutubi."

"Jioni? Nimeitwa, napakia mzigo leo leo. Saa hizi ndizo nilizonazo."

Vidole alimtazama. Akaitazama ile simu. Akafikiri: haina laini, mtandao itautoa wapi? Akasahau waifai ya nyumba yake mwenyewe. Simu ile ilikuwa imeizoea waifai hiyo miaka, haikuhitaji kuulizwa.

Akaiwasha.

Kioo cha simu kilikuwa na ufa, lakini orodha ilionekana. Mitindo ya zamani ilikuwapo yote. Na chini yake, Sauti ya Mama.

"Ile pale!" kaka alisema, akaegemea mbele.

Vidole alipeleka kidole. Kidole kilichokwenda mbio siku zote, siku hiyo kilichelewa. Orodha ikacheza. Majina yakaanza kupotea, moja baada ya jingine, na Sauti ya Mama ikapotea nayo. Juu ya kioo, alama ndogo ya waifai ilikuwa imewaka.

Vidole aliitafuta juu na chini, haikuwepo.

"Basi niambie wewe," kaka alisema mwishowe. "Alisema nini?"

"Aliulizwa kama watoto wake wanamkumbuka. Akasema, mkubwa wangu si mtu wa maneno. Akipita barabara kuu hupiga honi mara mbili. Mimi naacha nilichoshika, nainuka, namwitikia, ingawa najua hanisikii."

Kaka alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Alikuwa ananiitikia?"

"Ndivyo alivyosema."

"Alisema kwa sauti gani?"

Maneno ya Mama Vidole alikuwa nayo. Sauti yake hakuwa nayo.

Jioni Mkutubi alikuja, akamkuta Vidole peke yake. Aliitazama simu yenye ufa, akaelewa. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma Vidole zaidi. Waliwaandikia watu wa redio. Jibu lilikuja: mtangazaji yule aliondoka, na kurasa zake hawanazo.

"Ningemtumia mtu mwingine ile anwani," Vidole alisema. "Mtu yeyote. Hata wewe."

"Haya," Mkutubi alisema. "Tufanye kwa hizi zilizobaki."

Walikwenda maktaba. Kwenye kompyuta, Vidole aliingia kwa akaunti yake. Mkutubi akamwonyesha jinsi ya kutoa nakala ya alamisho zote ziwe faili moja, na kuliweka faili hilo kwenye flashi.

"Hii sasa ni picha iliyopigwa," alisema. "Ukishusha kitana, vioo vinashusha. Picha ukutani haishuki. Kila mwezi piga picha mpya. Na kitu unachokipenda sana, kama unaruhusiwa, hifadhi chenyewe. Alamisho inakuelekeza njia tu. Nyumba ikibomolewa, njia haikusaidii."

"Na nikitaka kufuta kwenye tableti peke yake?"

"Zima usawazishaji kwenye tableti kwanza, ndipo ufute. Ukiuwasha tena, alamisho zitachanganyika upya. Vizuri zaidi, tableti ya wateja iwe na akaunti yake."

Vidole alifanya hivyo. Miezi ikapita. Siku moja tableti ilitumbukia kwenye ndoo ya kusuuzia nywele, ikafa. Alinunua nyingine, akaingia kwa akaunti ya saluni, na mitindo yote ikarudi kabla mteja hajakauka nywele. Mara nyingine mtoto wa mteja alifuta orodha nzima kwa kuchezea. Ilifutika hadi kwenye akaunti ya saluni, kama ilivyo desturi ya usawazishaji. Vidole hakupiga kelele. Alichukua flashi akaenda maktaba, akairudisha orodha yote.

Kwenye flashi hiyo kuna kitu kingine. Kinaitwa Honi ya Kaka. Alikirekodi mwenyewe, akakihifadhi kwenye simu pia, na nakala akampa Mkutubi.

Sauti ya Mama haikurudi.

Lakini lori likipita barabara kuu na kupiga honi mara mbili, wateja wa saluni ile wameshazoea. Vidole anaacha kitana kikining'inia kwenye nywele. Anainuka, anasogea mlangoni, anaitikia, ingawa anajua kaka hamsikii.