Beji Iliyofichwa Kabatini

Kila asubuhi, mjini Manizales, Kolombia, Maryuri alichoma arepa mbili, mikate bapa ya mahindi, huku mama yake, nesi Edilma, akivaa sare. Edilma alifanya kazi katika chumba cha moyo. Mgonjwa aliyepatwa na mshtuko wa moyo aliletwa mbio, daktari akamzibua mshipa kwa kufuata picha za eksirei, naye Edilma akasimama kando ya kitanda huku mionzi ikimpata.

Siku moja, akitafuta kibiriti, Maryuri aliikuta beji ya kupimia mionzi kabatini.

"Mama, umesahau beji yako!"

"Sijasahau." Edilma alishusha sauti. "Ikisoma mionzi mingi, watanitoa chumbani. Tuko wawili tu, mimi na Nidia. Wagonjwa nitamwachia nani? Usimwambie mtu, mwanangu."

Maryuri akairudisha beji kabatini. Angefanya nini? Mionzi haionekani, hainuki, haina mlio. Aliona tu mama akifikicha jicho la kushoto, akimimina kahawa nje ya kikombe. "Uchovu tu," mama alisema.

Miezi minne ikapita hivyo. Jumapili moja akaja nyumbani Bi Ofelia, mkuu wa manesi.

"Edilma, una dawa gani wewe? Beji yako safi kabisa, ya Nidia imepita kiasi! Tuliomba ngao mpya ya kuzuia mionzi, wakubwa wanasema ya nini, mbona wewe uko salama, Nidia ni mzembe tu."

Edilma akainama. Maryuri alikwenda kabatini, akaiweka beji mezani.

"Haivai."

"Maryuri!"

"Nisamehe, mama. Jicho lako linaharibika."

Wiki ile daktari alimpima Edilma, akagundua mtoto wa jicho. Edilma akatolewa chumbani kwa muda. Kila king'ora cha gari la wagonjwa kilipolia, alisimama dirishani, hana la kufanya. Lakini nesi mwingine aliletwa, ngao ya kioo kizito ikafungwa, na ikawa amri: hata mgonjwa awe mahututi, daktari hapigi picha kabla manesi hawajarudi nyuma.

"Jicho litapona?" Maryuri alimuuliza Ofelia.

"Watalipasua, binti yangu. Ila mionzi aliyokwisha kuipata, hakuna awezaye kuifuta. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Edilma akamvuta bintiye karibu. "Nilijiona ninawaokoa wagonjwa, kumbe nilimnyima Nidia ngao yake. Hatari ukiificha, mwanangu, haikuumizi peke yako. Siku ile nilikukasirikia. Leo nakushukuru."