Mchanga wa Njia ya Mtoni

Kila Jumamosi asubuhi, kabla wageni hawajafika, Chiriku na baba yake walikagua njia za miguu za hifadhi ya wanyama. Baba ndiye aliyekuwa mtunza njia. Jioni aliufagia mchanga kwa tawi mpaka ukawa laini, na asubuhi alisoma nyayo zilizoachwa usiku. Nyati akiingia vichakani asitoke, njia hiyo ilibaki imefungwa kwa kamba kutwa nzima, wageni wanune wasinune. Chiriku alikwisha kufundishwa kusoma nyayo, na aliziweza vizuri.

Jumamosi hiyo aliamka amefura. Wenzake wamelala, yeye anatolewa kitandani kwenda kutazama mchanga! Alivaa viatu kwa kishindo na kila alipoulizwa alijibu kwa mkato. Ubao wa daraja ulikuwa umeng'oka, basi baba akabaki kuupigilia misumari. Alimtuma Chiriku achungulie mchanga mwanzoni mwa Njia ya Mtoni, asiingie ndani.

Chiriku aliishia kwenye benchi nyuma ya ofisi. Alikaa hapo, akanuna mpaka akachoka kununa, kisha akarudi.

“Safi,” alisema. “Hakuna kilichopita.”

Baba akaenda kuifungua kamba huku akiwaza ubao wake.

Kundi la kwanza lilikuwa la watoto wa darasa la pili na mwalimu wao. Mdogo wake Chiriku alikuwemo, chupa ya maji shingoni, akimpungia dada yake mkono. Waliingia Njia ya Mtoni wakicheka. Hasira zote zilimwisha Chiriku, akamkimbilia baba aliyekuwa amerudi darajani.

“Baba, sikuangalia.”

“Hukuangalia nini?”

“Mchanga wa Njia ya Mtoni. Sikufika kabisa.”

Baba alitupa nyundo akatoka mbio. Aliwakuta karibu na kona, akainua mkono, akawaashiria warudi taratibu bila kelele. Pembeni mwa alama za viatu vidogo kulikuwa na alama za kwato, kubwa na ndogo. Zilikuwa zimeingia, hazikutoka. Kichakani, nyati aliyekuwa na ndama wake alikoroma.

Wote walirudi salama. Mkuu wa hifadhi, mama asiyependa mzaha, aliwasubiri ofisini akiwa na hasira.

“Kamba uliifungua wewe,” alimwambia baba. “Niambie kwa nini nisikufukuze leo.”

Baba alijibu kwamba kosa ni lake, hakwenda kuangalia mwenyewe. Chiriku akajipenyeza mbele yake, machozi yakimtoka, akaeleza kila kitu, hata lile benchi. Mkuu aliwagombeza wote wawili. Baba alipewa onyo kali, na ikaamriwa kuwa anayefungua kamba lazima kwanza aone mchanga kwa macho yake. Chiriku alimwomba radhi mwalimu mbele ya watoto.

Waliporudi nyumbani, baba alimgeukia Chiriku mlangoni. Sauti yake bado ilikuwa na ukali.

“Kununa sikukatazi, mwanangu. Hata mimi naamka nimenuna. Ungeniambia hukwenda, ningefoka, ningeenda mwenyewe, yakaisha. Ulisema ‘safi’, nami nikawapitisha watoto wa watu juu ya neno lako, na mdogo wako yumo. Siku nyingine kama hujaona, sema hujaona. Kufoka kwangu hakujamuua mtu.”