Kidani cha Mapafu

Rafiki yangu sonara aliletewa kazi na mama aliyefiwa: kidani cha fedha chenye umbo la mapafu, zawadi ya kumpa nesi aliyemuuguza bintiye hadi mwisho.

Alipomaliza kukisugua, umeme ukakatika. Akawasha mshumaa, akakipulizia pumzi ili aone mikwaruzo, kama afanyavyo siku zote. Ukungu ukafutika. Kisha akasikia mkoromo mwembamba gizani, na ukungu ukarudi wenyewe, kwenye pafu la kushoto tu.

Kesho yake mama alikuja kukichukua. Sonara akamkabidhi tu.

"Asante, mwanangu," mama alisema, akilipapasa lile la kushoto. "Binti yangu alikuwa amebaki na hili moja."

Kiganjani mwake fedha ikaingia ukungu, ikatakata, ikaingia ukungu, ikatakata. Wakangoja wote wawili. Fedha ilibaki ikimeta.