Matone ya Saa Moja

Asubuhi hiyo mpaka wa Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi, ulifurika watu kama kawaida yake. Akina mama walibeba mabeseni ya kabichi na nyanya, wanafunzi walivuka na sare zao, na katikati yao Pascasie alikuwa anarudi Gisenyi na furushi la lesi kifuani. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mjane, amevaa kitenge cha bluu iliyokoza chenye ndege wadogo wa njano. Nguo alizijua. Kazi yake ilikuwa kukodisha mishanana, yale mavazi marefu ya harusi yanayofungwa begani, katika duka lake karibu na soko.

Alijisogeza kushoto kumpisha mama mwenye kabichi, na bega lake likamgonga mtu. Sanduku la chuma likaanguka, na mawe ya mizani yakabiringika kati ya miguu ya watu.

"Mama, mi niko mukubwa hivi," mwanaume alisema, "na bado hukuniona?"

Mkubwa kweli. Alikuwa na nywele zenye mvi pembeni, na shati jeupe lililonyooshwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama.

"Pardon, papa. Kweli sikukuona."

"Bon. Basi nisaidie kutafuta. Kilo moja iko hapa. Kilo mbili imekimbia."

Wakachuchumaa pamoja katikati ya ule umati, watu wakiwazunguka na kuguna. Kilo mbili haikuonekana. Alijitaja kuwa Vénuste, fundi wa mizani, anayetengenezea wafanyabiashara wa pande zote mbili. Akaomba namba ya simu, eti kama lile jiwe likionekana ampigie. Pascasie alicheka, akampa.

Jioni alipofungua furushi la lesi, jiwe la kilo mbili likadondoka juu ya kitanda.

"Jiwe lako limekuja kulala kwangu," alimwambia kwenye simu.

"Linajua kuchagua," Vénuste alijibu. "Usilirudishe haraka, litasikia vibaya."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Jumapili baada ya misa walitembea kando ya ziwa, chini ya miti mirefu, mahali ambapo mawimbi ya Kivu yanagusa mchanga polepole kama mtu anayepapasa nguo asiyotaka kuinunua. Walikula sambaza, vile visamaki vya Kivu, za kukaanga kutoka kwenye karatasi moja. Wote wawili walizaliwa ng'ambo, Congo, wakarudi Rwanda wakiwa watu wazima, na walipozungumza Kiswahili cha Goma walijisikia vijana. Vénuste alimsimulia habari za marehemu mke wake, aliyeugua figo miaka minne.

"Miaka ile yote," alisema, "nilijua saa ya dawa kuliko saa ya chakula."

Pascasie alimshika mkono. Kuhusu macho yake hakusema kitu. Miaka miwili nyuma alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho, na siku walipofungua bandeji aligundua kwamba mshanana aliodhani ni wa njano iliyofifia ulikuwa mweupe kabisa. Alilia kwa furaha. Waliposema arudi kupimwa kila baada ya miezi sita alirudi mara moja, kisha akaacha. Mtu anayeona vizuri akafanye nini hospitali?

Jioni moja jua lilipozama na taa za Goma zikaanza kuwaka ng'ambo ya maji, Pascasie alisimama ghafla.

"Angalia zile taa, Vénuste. Kila moja imevaa duara la rangi. Nyekundu, njano, zambarau."

Vénuste aliangalia kwa muda mrefu.

"Mi naona taa tu, chérie."

"Basi wewe hujapenda sawasawa."

Alicheka, naye akacheka, na njia nzima ya kurudi Pascasie alitembea kama mtu aliye ndani ya maji ya uvuguvugu. Kila balbu ya barabarani ilimchanulia upinde wa mvua. Kichwa kilimuuma kidogo juu ya nyusi ya kushoto, lakini hakukijali. Usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho wateja wake wachumba walikuwa nacho, na alijua ni nini.

Jumamosi iliyofuata Vénuste alimpigia jioni. Sauti yake ilikuwa nyingine.

"Pasca, leo saa sita ulikuwa wapi?"

"Nilipeleka mishanana kanisani."

"Ulipita pembeni yangu kwenye njia ya soko. Nilikuwa na dada yangu Illuminée, amevuka kutoka Goma kusudi akujue. Nilinyanyua mukono. Dada akakusalimia. Ukatupita kama miti."

"Sikuwaona."

"Njia ile iko ndogo. Ilikuwa hatua moja."

"Nasema sikuwaona, Vénuste."

"Kama unasikia haya sababu ya fundi wa mizani, ungeniambia tu. Sisi si watoto."

Akakata.

Asubuhi, dukani, Pascasie alisimama mbele ya ukuta alikotundika mishanana yake kumi na mbili. Aliziba jicho la kulia kwa kiganja. Mshanana mmoja ulibaki, ule wa kijani wa katikati. Mingine yote ilikuwa imemezwa na ukungu wa kijivu. Alitoa kiganja, ikarudi. Akaziba tena. Alifanya hivyo mara nyingi, kama mtoto anayecheza, kisha akakaa juu ya kiti cha wateja.

Daktari aliyempima alikuwa mwanamke kijana, mpole.

"Presha ya jicho la kushoto imepanda sana," alisema. "Ni glakoma. Wakati mwingine inakuja baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, ndiyo sababu tunaomba watu warudi."

"Nilikuwa naona vizuri."

"Ndivyo inavyokuja, mama. Inakula pembeni kwanza, na jicho lingine linaficha. La kulia nalo limeanza, ila kidogo. Je, jioni huwa unaona duara za rangi kwenye taa?"

Pascasie alitazama mikono yake.

"Ndiyo," alisema. "Zilikuwa nzuri sana."

Kilichopotea hakitarudi, daktari alimweleza. Kilichobaki kitalindwa kwa matone, asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja, na kama matone hayatatosha atapasuliwa tena. Pascasie alirudi nyumbani na vichupa viwili mkobani. Vénuste alipiga mara mbili juma hilo. Hakupokea. Mtu aliyekaa miaka minne akihesabu saa za dawa, alijiambia, hastahili kupewa saa nyingine.

Zikapita wiki tatu. Pascasie alinyoosha nguo, akafunga na kufungua mlango, akatia matone, na jioni hakwenda ziwani. Duara za rangi zilififia, kisha zikaondoka. Alipaswa kufurahi.

Siku moja mwanamke mnene mwenye miwani aliingia dukani na kusimama upande wa kushoto. Alinyanyua mkono kumsalimia. Pascasie hakugeuka, aliendelea kutundika. Mwanamke akamtazama jinsi mkono wake ulivyotafuta msumari, ukaukosa, ukautafuta tena, na jinsi alivyogonga meza ya pasi kwa nyonga na kuomba radhi kama vile meza ni mtu.

"Mama," mwanamke alisema taratibu, "we iko na shida ya macho?"

Pascasie alishtuka, akageuka.

"Karibu. Sikukusikia ukiingia. Wewe ni nani?"

"Mi ni Illuminée, dada ya Vénuste. Nilikuja kukugombeza. Nimetoka Goma na maneno tayari, sasa sijui niyaweke wapi."

Walikaa kwenye viti vya wateja, magoti yakigusana. Pascasie alimweleza yote, mpaka zile taa. Illuminée alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge.

"Ndugu yangu hapati usingizi," alisema. "Anapima mizani ileile mara tano. Nenda umuambie wewe. Mi nikimuambia itakuwa habari. Wewe ukimuambia itakuwa kitu ingine."

Vénuste alikuwa sokoni mbele ya meza yake, akinyoosha waya wa mizani. Pascasie alisimama mbele yake kabisa, mahali alipoweza kumwona mzima, tangu mvi mpaka viatu.

"Siku ile sikuwaona," alisema, "kwa sababu upande wangu wa kushoto haupo tena. Ni glakoma. Natia dawa kila siku, na nitatia mpaka kufa. Labda nitapofuka, labda hapana. Sikukuambia kwa sababu ya mke wako. Ulishachoka na dawa."

Vénuste aliweka koleo chini.

"Nani amekuambia nimechoka na dawa?"

"Wewe. Kule ziwani."

"Nilichoka na kifo, Pasca. Dawa sikuchoka nayo, dawa ndiyo ilinipa kazi ya kufanya. Lakini uliamua peke yako. Wiki tatu. Hiyo ndiyo inaniuma, si macho."

"Nisamehe."

"Unatia saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi. Saa moja jioni."

Alitoa simu yake ya vitufe, akaweka kengele palepale, vidole vinene vikikosea mara mbili. Kisha akafunga meza mapema, akamsindikiza mpaka dukani akitembea upande wake wa kushoto.

Tangu siku hiyo alimpigia kila ilipofika saa moja, asubuhi na jioni. Daktari alikuwa amemwagiza Pascasie, akishatia tone, afumbe macho na kubana pembe ya jicho karibu na pua kwa dakika mbili. Aliweka simu mezani, spika wazi, akalaza kichwa nyuma, na Vénuste akamjazia giza lile maneno: ziwa leo ni la kijivu, viazi vya Mudende vimeshuka bei sokoni, mvua inanyesha Goma lakini kwetu bado. Pascasie alielea humo. Miezi sita ilipita hivyo, na daktari akasema presha imetulia.

Jumapili moja jioni Vénuste alikuwa amekuja kunywa chai, kwa hiyo hakupiga. Alikaa kando yake. Pascasie akatia tone, akafumba macho, akabana pembe za macho kwa mikono yote miwili.

"Leo utaniambia nini?" aliuliza.

"Leo sina habari ya ziwa." Kiti kililia, alikuwa amesogea. "Mi nimechoka na simu, Pasca. Sauti inafika na mimi nabaki kule. Nataka saa moja inikute nyumba moja na wewe, asubuhi na jioni. Nimeongea na Illuminée, atakuja na watu kuleta posa, kama unakubali."

Chai ilinukia tangawizi. Pascasie hakusogea. Tone lilikuwa bado baridi chini ya kope.

"Dakika mbili zimeisha?" aliuliza.

"Bado. Imebaki nusu."

"Basi ngoja," alisema, akaachia mkono mmoja kutoka kwenye jicho la kulia, akaunyoosha kushoto mpaka ukakuta shati lake, akaushika ukosi. "Ndiyo yangu nataka kukupa nikiwa nakutazama."

Vénuste akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, polepole mno, mpaka Pascasie akamwambia aache wizi, ahesabu sawasawa.