Orodha ya Wezi Mlangoni

Kila siku baada ya vipindi, Sindano alikaa mbele ya kompyuta ya maktaba ya shule, akiandika vitabu vilivyoazimwa na vilivyorudishwa. Jina hilo alipewa kwa sababu mama yake alikuwa fundi cherehani.

Siku moja moyo ulimchemka kwa hasira. Asubuhi, Domo wa darasani kwao alimcheka mbele ya wote: "Oneni sketi ya Sindano! Viraka vimeoana, vimezaa viraka!"

"Atanitambua," Sindano alijiapiza. Alijua Domo alikuwa amechelewesha kitabu. Basi akaipa kompyuta kanuni: yeyote aliyepitisha wiki mbili ni mwizi, jina lake lichapishwe. Karatasi ikatoka, jina la kwanza likiwa la Domo. Hilo lilimtosha. Hakusoma mengine. Akaibandika mlangoni, akaenda nyumbani akichekelea.

Kesho yake watoto walijaa mlangoni. Domo alikuwa amejiinamia, na Sindano akaona raha. Mara Domo akanyoosha kidole.

"Mimi mwizi, haya. Na huyu wa chini? Si mama yako?"

Sindano akageuka. Mama alikuwa amesimama nyuma yao, kitabu mkononi, kimefungwa kwa kitambaa kisichafuke. Alikuwa amekiazima hapo shuleni, kama wazazi walivyoruhusiwa, ajifunze kusoma vizuri; kisha bibi akaugua, na mama akashinda akimuuguza. Alikuwa akilisoma jina lake kwenye orodha taratibu, herufi kwa herufi.

Sindano alimkimbilia mwalimu wa kompyuta. "Mwalimu, kompyuta imekosea!"

"Haijakosea, imetii. Umeiuliza mwizi ni nani, kabla hujajiuliza mwizi ni nini. Swali hilo ni la falsafa, watu walilichambua kabla umeme haujakuwapo. Mashine haina huruma, mwanangu. Ilikuwa inategemea yako."

Sindano alirudi mlangoni, akaichana orodha mbele ya wote. "Domo, nisamehe."

"Na mimi nilivuka mpaka," Domo akanong'ona. "Kitabu nitakileta leo."

Kanuni ikaandikwa upya: aliyechelewa aulizwe kwanza sababu.

Njiani kurudi nyumbani na mama yake, Sindano hakuweza kuinua uso. Mama akamshika mkono.

"Nimeishia shule ya msingi, sijui kompyuta. Kisasi nakijua. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wewe ulimchimbia mwenzio, akatumbukia mama yako. Ukiwa na hasira, mwanangu, usiguse kitu kinachokutii bila kukuuliza."