Jina Ambalo Mama Aliliruka

Jua lilikuwa likizama upande wa Uganda, nyuma ya malori yaliyopanga foleni mpakani Malaba, Omagor alipofungua studio yake ya muziki. Kazi ilikuwa ndogo tu: kuandika majina kwenye nyimbo kumi za kwaya moja ya Nambale, wenyewe waje asubuhi kuchukua diski.

Ukweli ni kwamba alikuwa amekimbia nyumbani. Binti yake mchanga alikuwa na siku ya tatu analia na kukataa titi. Tangu asubuhi mama yake Omagor alikuwa akitaja majina ya wafu wa ukoo, moja moja, na kila jina likitajwa mtoto anawekwa kwenye titi. Akinyonya, jina limekubaliwa. Hakunyonya. Sauti yake ilishaanza kukauka, na Omagor aliogopa kumpoteza.

Kulikuwa na jina moja ambalo mama aliliruka. Anyait, shangazi yake Omagor, aliyejinyonga mwaka 1971. Jina la aliyejinyonga haliitwi nyumbani. Hata Asio, mkewe, hakuwahi kulisikia.

Kompyuta za mwaka huo wa 1999 hazikuwa na mbwembwe. Kioo cheusi, maandishi meupe, nawe unaiamrisha kwa kuchapa. Omagor akachapa amri ya kuingiza programu aliyoletewa kutoka Kampala, ile ya kuandika ndani ya kila wimbo jina la mwimbaji na mwaka. Ikaingia bila matata. Akaandika: Kwaya ya Nambale, 1999. Akaiambia imwonyeshe.

Mwimbaji: Anyait. Mwaka: 1971.

Akacheka kidogo, kicheko cha kujipa moyo. Akafuta, akaandika upya.

Anyait. 1971.

Nyimbo zote kumi.

Kisha harufu... Kamba ya katani iliyolowa, ile ya kufungia ng'ombe. Na hapo studio hapakuwa na kamba yoyote.

"Toka," akanong'ona.

Akachapa amri ya kuondoa programu. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akakubali kabla hajamaliza kusoma. Programu ikatoka. Akaucheza wimbo wa kwanza ajihakikishie, na pale juu pakaandikwa: Anyait. Haraka haraka haina baraka. Kuondoa programu hakufuti ilichokwisha kuandika, na chombo pekee cha kulifutia lile jina alikuwa amekitupa mwenyewe. Akarudisha diski ya Kampala ili aiingize tena. Ikakataa kusomeka.

Spika zikakwaruza.

Haikuwa kwaya. Mwanamke mmoja alikuwa akibembeleza mtoto, taratibu, kwa koo lililobanwa...

Omagor alitoka mbio, mlango akauacha wazi.

Nyumbani kulikuwa kimya, na kimya hicho kilimkata maini. Akajua mtoto amekufa. Lakini ndani alimkuta Asio kitandani, mtoto ananyonya kwa pupa.

"Amekubali jina," Asio akasema huku akilia kwa furaha. "Anyait."

Mama yake Omagor alikuwa kwenye kona, leso mdomoni.

"Nani amekuambia hilo jina?" Omagor akanong'ona.

"Si ni wewe, baba? Umesimama hapo dirishani saa hii tu, ukasema nimuite Anyait." Akamtazama mumewe shingoni. "Lakini sauti yako ilikuwa imekauka sana. Uko na homa?"

Asubuhi wanakwaya waliposikiliza, sauti zilikuwa zao, na nyimbo tisa zilikuwa na jina lao. Ule wa kwanza tu ndio ulioandikwa tofauti. Mwimbaji: Anyait. Mwaka: 1999.

Omagor alijiambia kwamba huo ni mwaka wa kuzaliwa. Angefurahi kuamini. Ila ule wa 1971 haukuwa mwaka aliozaliwa shangazi yake.

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Mtoto alinyonya, akanenepa, akacheka na kila mtu. Omagor alichoma kamba zote za ng'ombe, akaanza kulala kwenye mkeka kando ya mtoto, akihesabu siku mpaka mwaka uishe.