Wahu Alipogeuka Peres

"Haron anamwambia Wahu hivi: mimi nakwenda vitani, mpenzi, lakini roho yangu naiacha kwako! Ikunje vizuri, uiweke chini ya mto!"

Ukumbi mzima ukalipuka.

"Iweke, Wahu! Iweke!"

Peres Nakhumicha peke yake hakucheka. Sauti ile iliyokuwa ikitoka kwenye kipaza sauti aliijua hata usingizini. Ilikuwa sauti ya Nashon Sifuna, mkalimani wa gari la sinema, mwanamume aliyemwahidi ndoa, kisha akaondoka na gari hilo kuzunguka magharibi yote ya nchi miezi minane bila kutuma hata salamu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya Kizungu, ya watu wawili waliopendana wakati wa vita vikuu. Na Kangemi ya mwaka 1968, nani alikuwa na habari na Kiingereza cha puani namna ile? Ndiyo maana Nashon alikaa kando ya mashine na maikrofoni yake, akitafsiri. Majina ya Kizungu aliyatupa mapema, kama kawaida yake. Mwanajeshi alimwita Haron, mpenzi wake akamwita Wahu, na watu wakafuata mambo yao kana kwamba ni majirani.

"Ni yeye," Peres alinong'ona.

"Nani?" aliuliza Senge Caren, dada ya marehemu baba yake, aliyemlea hapo Kangemi.

"Nashon."

"Ala! Tazama mbele, mwanangu. Saa kumi na moja wazee wanakuja kwangu kukuposa, wewe unanitajia watu waliokutupa?"

Upande wa pili Dalmas alikohoa. Dalmas alikuwa mpishi katika nyumba ya Lavington ambako Peres alikuwa yaya. Yeye ndiye aliyemfariji miezi hiyo yote minane, na wazee wa saa kumi na moja walikuwa wazee wake. Peres akisema "ndiyo" mbele yao, basi, yamekwisha. Dalmas alikuwa amewaleta sinema aonekane na mchumba, na alikuwa ameambiwa kwamba siku hizi mkalimani ni mtu mwingine, Ndungu. Sasa alikuwa akitokwa jasho.

Mkanda wa kwanza ukaisha. Blanketi lililoziba dirisha likainuliwa ili mashine iwekwe mkanda wa pili, na mwanga wa alasiri ukamwagika moja kwa moja kwenye benchi la mbele. Nashon aliinua macho. Akamwona Peres. Akauona na mkono wa Dalmas juu ya mkono wa Peres.

Blanketi likashushwa. Kwenye kitambaa cheupe cha sinema mwanajeshi, ambaye kila mtu alidhani amekufa, alikuwa amerudi, na kwenye stesheni ya treni, mvuani, akamkuta mpenzi wake na tajiri mmoja mwenye kofia.

"Haron amerudi," Nashon alianza, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Amerudi, na nini anachokiona? Anamwona Peres na mwanamume mwingine."

Watu wakatazamana.

"Peres ni nani tena?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Si ni Wahu? Mkalimani amelewa!"

"Samahani. Wahu. Wahu ameketi na mwanamume mwingine, benchi la mbele."

"Benchi liko wapi? Hao si wamesimama kwa mvua?"

Nashon hakuwasikia. "Haron anauliza: nilikuandikia barua kumi na moja! Ya kwanza niliiandika nikiwa Kitale. Nilisema, 'Mpenzi, Desemba nikirudi nitakuja kwenu na ndugu zangu. Niambie tu senge wako anapenda nini, nisije mikono mitupu.' Kumi na moja! Kwa nini hukunijibu hata moja?"

Yule mwanajeshi hakuwa amefungua mdomo. Alikuwa akiwasha sigara.

Peres alihisi miguu ikimwinua kabla hajaamua kuinuka.

"Sikupata!"

"Keti chini, dada, tunaona mgongo tu!"

"Niacheni! Nashon, sikupata barua hata moja! Uliandika kwa anwani gani?"

"Ya kazini kwako! Sanduku la posta la memsahib wako!"

Wee! Watu wakasahau filamu. Wengine walipanda juu ya viti wamwone huyo Peres, na mama mmoja akamziba mdomo mtoto aliyekuwa akilia.

Dalmas alimvuta Peres gauni. "Keti, unatuaibisha! Huyo mdomo ndio kazi yake, analipwa kusema uongo. Eti barua kumi na moja! Kumi na moja za wapi? Zilikuwa tisa tu!"

Neno likamtoka hivyo hivyo, na halikurudi.

Senge Caren aligeuka polepole. "Zilikuwa ngapi?"

"Nilikuwa nasema tu, Mama..."

"Ufunguo wa sanduku unao wewe," Peres alisema. "Kila Jumatatu na Alhamisi wewe ndiye unayekwenda posta na baiskeli. Nikikuuliza kama kuna barua yangu, unanijibu nini?"

"Peres, nilikupenda..."

"Unanijibu nini, Dalmas?"

"Nakwambia hakuna."

"Ziko wapi?"

Dalmas aliinamisha kichwa. "Nilizitia kwenye jiko."

"Zote?"

"Zote tisa. Hizo mbili nyingine, haki ya Mungu, hazikufika." Kisha akainua uso, machozi yakimlengalenga. "Lakini ukiwa mgonjwa wa malaria, ni nani aliyekukorogea uji? Ni huyu wa kipaza sauti? Mimi ndiye niliyekuwa pale!"

Hilo lilikuwa kweli, na Peres alilijua.

"Ulikuwa wewe," alisema. "Na kwa uji ule ningekushukuru mpaka kufa. Lakini ulinitazama nikilia kila jioni, Dalmas. Ukaninunulia na kitambaa cha kufutia machozi. Na ulijua dawa yangu umeitia motoni kwa mkono wako."

Dalmas aliokota kofia yake.

"Nenda ukawaambie wazee wako wasijisumbue," Senge Caren alimwambia. "Na upite mlango wa nyuma, huu wa mbele umejaa watu wanaotaka kukupiga."

Alipita akikanyaga miguu ya watu, kofia mkononi, akatoka. Peres hakumtazama. Alikuwa akielekea kwenye mashine.

"Mkalimani!" watu wa nyuma walipiga kelele. "Wahu anapanda treni na yule tajiri! Tafsiri!"

"Mwacheni apande!" Nashon alijibu, macho kwa Peres. "Peres, mimi nilidhani umenikataa. Nilijiambia, mtu asiyejibu barua kumi na moja..."

"Zima hiyo maikrofoni."

"Eh?"

"Izime. Miaka yote hii mambo matamu unayasema kwa mdomo wa Haron. Saa kumi na moja nilikuwa niseme ndiyo kwa mtu. Kama una neno lako, liseme kwa mdomo wako."

Nashon aliizima, akaiweka mezani. Na loo, yule fundi wa maneno, aliyekuwa akiliza kumbi kutoka Busia hadi Ngara, alisimama pale kama mwanafunzi aliyesahau kusoma. Akajikuna shingo. Mwishowe akainama sikioni mwa Peres na kusema kitu.

"Sauti!" ukumbi ulinguruma. "Hatusikii! Sauti!"

"Amesema nini?" Senge Caren aliuliza, naye amesimama juu ya benchi na viatu vyake.

Peres aliichukua maikrofoni mezani, akaiwasha, akapangusa machozi kwa kiganja.

"Nashon anasema," alitangaza, na sauti yake ikajaa ukumbi wote, "anasema ananipenda, anaomba kunioa, na anaogopa sana nitakataa."

"Na Peres anasema nini?"

"Peres anasema ndiyo!"

Kofia zilirushwa hadi darini. Kwenye kitambaa cheupe treni ya Wahu ikaondoka na hakuna aliyeiona.